Nilisema Nimeosha

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya leo, na kazi tamu! Dada wa maabara kutoka hospitali kaingia karakana amekumbatia sanduku kama kabeba mtoto mgonjwa. Ndani hadubini. Kiwiliwili cha zamani, kizito, rangi imebabuka. Kichwa chake kiliharibika mwaka jana, wakapewa kingine na hospitali ya jirani. Cha kampuni tofauti, kimetumika miaka na miaka. Sasa kichwa hakikai kwenye kiwiliwili. Anataka tumtengenezee pete ya kukaa katikati: chini ishike kiwiliwili, juu ipokee kichwa.

Chini ni rahisi, duara la kawaida tu. Shughuli iko juu. Kichwa kina kile kiungo tunachokiita mkia wa njiwa — ukingo wa mviringo, kitako kipana, halafu ukuta unaingia ndani kwa mshazari mpaka shingoni. Unakiinamisha, kinaingia chini ya mdomo wa tundu, skrubu inakibana ubavuni, basi hakitoki. Lakini tundu lazima lilingane nacho. Likizidi kidogo tu, skrubu inadanganya: mkono unahisi imebana, kumbe kichwa kinaning'inia.

Bosi kampa Mjomba. Nani mwingine? Karakana nzima inamwita Unywele, kwa sababu kazi yake haijawahi kuisha, kila mara "bado unywele mmoja". Ni kaka yake mama. Ndiye aliyeniingiza kwenye ufundi huu miaka saba iliyopita, mama analia kwamba mtoto wa kike atakatwa vidole. Ninavyo vyote kumi mpaka leo.

Ila macho yake! Siku hizi anasogeza chuma mpaka puani. Cheche, mchomeleaji wetu, mdomo wake hauna breki: eti Mzee Unywele sasa anakereza kwa harufu. Tukacheka. Mjomba mwenyewe kacheka mpaka kakohoa. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba kaenda kliniki ya macho baada ya chakula cha mchana. Akapimwe macho yeye, mimi nipime mkia! Mara ya kwanza kuniachia vipimo vya kazi ya namna hii peke yangu. Kaniachia na pini zake mbili ndogo za chuma, zile anazozificha kama dhahabu. Kasema: osha kwanza, ndipo upime, usinipimie uchafu. Nikamwambia sawa, mimi si mtoto.

Kichwa kililetwa tena leo asubuhi, na kilitakiwa kirudi hospitali saa kumi. Mtunza mali wao hataki kilale nje.

Namna yenyewe: pini moja unailaza kwenye mfuo wa mkia upande huu, ya pili upande wa pili, zikae chini ya ule mshazari. Halafu kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, inabana zote mbili kwa nje. Ukijua unene wa pini na mlalo wa ukuta, unapiga hesabu, unapata upana halisi wa mkia. Ncha zenyewe hazipimiki, zimechakaa.

Kwenye mfuo kulikuwa na grisi ya zamani. Imekauka, imekuwa ya kahawia, inang'aa kama vanishi. Nimesugua kwa kitambaa — haitoki. Mafuta ya taa kwenye kopo, hakuna. Spiriti iko stoo, na mwenye stoo kaenda kunywa chai na funguo mfukoni. Saa tisa na nusu tayari. Nikaipitishia ukucha. Laini, imekaa sawa mzunguko mzima. Nikajisemea, utando tu huo.

Nimepima mara tatu, sehemu tatu. Namba zinafanana kabisa! Nikachora karatasi safi, namba zimekaa kwenye mstari, mishale imenyooka. Nilitaka Mjomba akirudi akute kila kitu tayari, aseme kumbe.

Karudi macho yanachuruzika dawa, haoni hata mlango uko wapi. Kashika karatasi yangu kwa mbali, kwa karibu, kwa mbali tena. Kauliza: uliosha?

— Ndiyo, Mjomba.

Limetoka lenyewe. Nilikuwa bado nafikiria kueleza habari za kopo na stoo, mdomo ukanitangulia. Kanipiga bega, kasema umekuwa fundi sasa.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ah. Grisi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Pete imekerezwa leo. Kipande cha aluminiamu, kinene kama kiganja cha Mjomba.

Kafanya kazi yote mwenyewe. Kasogeza taa, kavaa miwani, juu ya miwani kaweka lenzi ya kukuzia kwa kamba kichwani. Cheche kapita, kasema jamani, hadubini si hii hapa imesimama kwenye mashine? Mjomba bila kugeuka: pita kushoto, mpuuzi wewe. Wanapendana hao.

Kazi yangu ilikuwa kusoma namba kutoka kwenye karatasi. Nasoma, anarudia, anakata. Nasoma, anarudia. Tundu la mkia linahitaji kisu kilichoinama, unaingia ndani usikokuona, unasikiliza. Anasikiliza sana. Anasimamisha mashine, anaingiza kidole, anafumba macho. Bado unywele mmoja, anasema. Nimemtazama nikaona kweli, mikono haijazeeka hata kidogo.

Mara moja tu nilitaka kusema. Kabla kisu hakijapita mara ya mwisho. Mjomba, ile grisi... Lakini angesimamisha kila kitu, angepiga simu hospitali, kichwa kingeletwa tena, kesho ingepotea. Na angejua kwamba juzi nilidanganya. Nikasoma namba.

Ijumaa, 7 Machi

Imeingia! Imekaa kama chanda na pete!

Dada wa maabara kaja na kichwa chake. Mjomba kakiinamisha, kakilaza, kakaza skrubu. Kakitikisa. Kimya, hakuna kucheza. Kamwambia dada naye atikise. Katikisa, kaangalia ndani, kainua uso, macho yamejaa machozi. Kasema miezi mitano amekuwa akituma sampuli nje na kungoja majibu kama ombaomba. Kamshika Mjomba mikono yote miwili. Mjomba kasema mshukuru mpwa wangu, vipimo ni vyake.

Haya, mwoga wewe. Siku tatu unajitesa kwa ajili ya nini? Soda yangu ya baridi, kanunua Mjomba.

Jumatano, 12 Machi

Kimeanguka.

Dada wa maabara kampigia Bosi saa nne asubuhi. Bosi kaweka simu sauti ya juu, tukasikia wote. Analia na kueleza kwa pamoja. Siku mbili za kwanza ilifanya kazi vizuri. Jana jioni kaisafisha yote, kwa dawa ya kusafishia lenzi na kitambaa, kila kona, ndiyo kawaida yake kila wiki. Kairudishia, kakaza skrubu mpaka mwisho. Leo kainama kutazama, kichwa kikateleza kikapiga ukingo wa meza. Kioo cha ndani kimepasuka. Majibu ya watu kumi na tisa yalikuwa yanangoja hapo mezani.

Kila kona! Nilisikia hilo neno, nikaikumbuka grisi. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikaendelea kufagia palepale, sehemu moja.

Bosi kakata simu. Hakupiga kelele, bora angepiga. Kamwambia Mjomba mbele yetu sote: Mzee wangu, nilijua siku hii itafika. Basi. Mjomba kasimama mikono imeloa mafuta, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa na hajui kaitwa kutoka wapi. Kasema: itakuwa nimekata zaidi. Itakuwa macho.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nimezihesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejua kwa hakika, kwa hiyo siwezi hata kujidanganya.

Dada kaleta vyote, kichwa na pete. Bosi kaniambia mimi nipime. Mimi! Mjomba kaambiwa apumzike. Nikajifungia kwenye chumba cha vipimo. Mfuo wa mkia sasa mweupe peee, unang'aa. Kwenye pembe moja tu kumebaki kapunje ka grisi ya kahawia. Nimekachokonoa kwa ncha ya penseli, kakadondoka kwenye kiganja. Ni kagumu kama ganda la maharage.

Pini, kalipa. Pointi tatu ya milimita. Mkia umepungua pointi tatu kutoka namba zangu. Haukupungua. Haukuwahi kuwa ule. Nilipima uchafu, nikauchora vizuri, nikauwekea mishale. Mjomba akaukatia tundu la uchafu, sawasawa. Tukajaribu kichwa kikiwa bado kichafu, kikakaa vizuri, tukanywa soda. Dada kakisafisha, kikabaki kinaogelea.

Shenzi mimi. Mtu ananiambia osha. Neno moja. Hata mtoto anaambiwa nawa mikono anasikia.

Bosi kagonga mlango: vipi? Nikasema tundu limezidi pointi tatu. Ni kweli. Kila neno kweli. Kasema nilidhani hivyohivyo, kaenda zake.

Dada wa maabara alikuwa amekaa kwenye benchi nje na sanduku magotini. Kapewa barua ya onyo kazini, eti hakuwa mwangalifu na mali ya hospitali. Kanionyesha, kaikunja tena vidogo vidogo. Kaniuliza kama nadhani alikaza skrubu vibaya. Nikasema hapana, dada, hukukosea. Kasema ahsante, angalau wewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilipiga moyo konde. Asubuhi njiani nilikuwa nimeipanga yote: Bosi, kosa si la Mjomba. Sentensi moja tu. Nimeirudia kuanzia kwetu mpaka getini, mama mmoja barabarani kanigeukia akidhani naongea naye.

Nikagonga. Nikaingia. Bosi kasema vizuri umekuja, nilitaka kukuita. Kaa. Nikakaa — hapo ndipo nilipoharibu, nisingekaa! Kasema kuanzia Jumatatu mashine kubwa ya kukereza ni yako. Mzee Unywele anahamia stoo, atagawa skrubu na kutunza vifaa, hatamwaga unga wake, asiwe na wasiwasi. Amefundisha vizuri, sasa wakati wa mwanafunzi. Akatabasamu. Huwa hatabasamu yule.

Na mimi nikasema: ahsante.

Ahsante!! Ndiyo neno lililotoka. Nimetoka nje nikasimama nyuma ya pipa la vyuma chakavu, nikajipiga paji la uso mara mbili. Cheche kanikuta. Kaniuliza kama kuna nyuki.

Jumamosi, 15 Machi

Mama kapiga simu. Kashasikia. Kafurahi, kisha kalia kidogo kwa ajili ya kaka yake, kisha kafurahi tena. Eti Mjomba mwenyewe ndiye aliyempa habari, na kamwambia: angalau mashine imebaki kwenye ukoo.

Sijala.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza kwenye mashine yake.

Kanitangulia kufika. Alikuwa ameshaifuta, ameitia mafuta, ametandika kitambaa kipya. Nikadhani atakuwa na kinyongo — heri angekuwa nacho. Kanifundisha siri zake zote, moja moja. Gurudumu la kushoto lina ulegevu wa robo mzunguko, usiliamini. Asubuhi ikiwa baridi iache izunguke bure kwanza, ina mapozi kama bibi harusi. Ukisikia inaguna, usiongeze, rudi nyuma. Miaka ishirini na sita kakaa na hii mashine. Mkaza mjomba huwa anaiita mke mwenza. Humtania: nenda basi kwa mwenzangu, asije akanuna.

Halafu kaingia stoo. Kuna kidirisha kidogo cha kugawia vitu. Kutwa nzima nilimwona kichwa tu. Mtu anaomba nati ya kumi na mbili, Mjomba anaisogeza kwenye mwanga, anaigusa kwa kidole gumba, anaitoa. Hakukosea hata moja. Vijana wa kuchomelea walikuwa wanamjaribu, wanacheka. Nikawafokea kwa ukali mpaka Cheche kasema ebo, cheo kimeshapanda kichwani?

Jioni Mjomba kaniambia anashukuru Mungu kioo kilipasuka hospitali, hakikumpasukia mtu usoni. Kasema: ningekuwa nimemuumiza yule binti kwa ubishi wangu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia kuhusu macho.

Nikasema Mjomba, usiseme hivyo. Kasema lazima mtu akubali. Ikaishia hapo. Roho inanisuta mpaka naisikia masikioni.

Jumanne, 18 Machi

Nimekereza pete mpya. Safari hii niliosha. Nimeosha mara nne, kwa spiriti, kwa brashi ya meno, nikaosha na pini na kalipa na mikono yangu. Mwenye stoo sasa ni Mjomba, spiriti kanipa yeye. Kajaza kichupa, kasema vizuri, unakumbuka.

Pete imetoka safi. Kichwa kimekaa hata kabla ya skrubu. Bosi kaigeuzageuza, kaita watu. Kasema: mnaona tofauti? Mnaona? Makofi. Cheche kasema mpwa kampita mjomba. Kwenye kidirisha cha stoo Mjomba naye anapiga makofi.

Kioo cha ndani bado kiko kwa fundi wa lenzi. Hospitali inatuma sampuli nje kama zamani, majibu siku nne.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejaribu tena. Saa ya chai nimekwenda kidirishani, hakuna mtu. Nikasema Mjomba, kuna kitu nataka kukwambia. Kanisogelea haraka, uso wake wote ukafunguka. Kasema hata mimi nina kitu! Njoo nyumbani Jumapili. Akashusha sauti: ile pete ya kwanza, nimeiokota kwenye pipa la chakavu. Iko nyumbani. Nataka nijue nilikosea kiasi gani. Siwezi kukaa humu stoo bila kujua.

Cheche akatokea anataka miwani ya kuchomelea. Ikaisha hivyo.

Anaipima. Jamani, anaipima!

Jumapili, 23 Machi

Niko kwa Mjomba. Ni alasiri. Naandika nikiwa mezani kwake, yeye yuko upande wa pili, umbali wa mkono. Wanadhani nanakili barua. Nieleze upesi.

Nimefika saa nane. Alikuwa uani, kwenye jua kali, kaweka kiti katikati kabisa pasipo na kivuli. Pete kwenye paja, pini, maikromita yake mwenyewe, lenzi kichwani, shati limelowa jasho. Mkaza mjomba kanipokea mlangoni kaninong'oneza: tangu jana anakaa hivyo, anafuata jua kama alizeti, hali kwa wakati. Kasema: Anti yako nimechoka, ongea naye.

Mjomba kaniona kaanza kupiga kelele kabla sijasalimia. Iko sawa! Mpwa wangu, iko sawa! Kapima mara arobaini. Kila kipimo kinalingana na karatasi yangu, unywele kwa unywele. Karatasi yenyewe anayo, kaichukua Ijumaa kwenye faili, imekunjwa mfukoni. Kanipa maikromita: pima mwenyewe, uone. Nimepima. Nimerudia. Ndiyo, iko sawa. Hakukosea popote. Alikata gizani, kwa kidole na sikio, akapata kila namba niliyompa.

Kanikumbatia. Mtu wa miaka hamsini na tisa, anaruka kama kashinda mbio. Anamwita mkewe: mama, macho yangu bado yapo! Mikono yangu bado ipo! Anti kajifuta machozi kwa upindo wa kanga, anacheka, anasema nilijua, mimi nilijua.

Nikangoja. Maana nilijua swali linalofuata. Kama pete iko sawa na karatasi, basi karatasi... Mtu mwenye akili kama yake. Nikangoja kama anayengoja sindano.

Hakuuliza! Halikumpita hata akilini. Kasema: basi ni yule binti wa maabara. Alisugua mkia kwa msasa, au walibadilisha kichwa kule kwao, wanaficha. Karatasi ni yako, na wewe uliosha, nilikuuliza ukaniambia. Kwa hiyo shida iko kwao. Na leo hii anaandika barua kwa Bosi, nakala hospitali. Anataka mashine yake, kasema, kisha kacheka — au tugawane, zamu ya asubuhi na ya jioni, mke mwenza hawezi kuchoka.

Nikasema Mjomba, yule dada ana barua ya onyo tayari. Kasema basi ya pili itamfundisha kusema kweli.

Kasema andika wewe, mwandiko wangu siuoni. Nikachana karatasi humu humu kwenye daftari hili. Tumekaa sebuleni, pangaboi linazunguka, Anti yuko jikoni anaosha vyombo. Mjomba anatembea kutoka dirishani mpaka kwenye kabati na kurudi, anatamka, mimi naandika. Kwa Bosi. Tarehe. Mimi niliyekereza pete ya hadubini naomba kueleza. Pete nimeipima upya na inalingana na mchoro. Halafu kasimama nyuma ya kiti changu, kaweka mkono begani kwangu. Kasema: andika, vipimo vya mkia vilichukuliwa na mpwa wangu, ambaye namwamini kuliko macho yangu mwenyewe.

Kalamu ikasimama.

Kasema andika, andika, usione haya.

Nikaandika. Mkono uliandika, nilikuwa nautazama. Niliandika: Vipimo vya mkia nilivichukua mimi, mpwa wake. Nilipima juu ya grisi kavu. Mjomba aliniuliza kama nimeosha, nikasema ndiyo. Sikuosha. Dada wa maabara hakufanya lolote.

Mjomba kasema, umeandika? Nikasema nimeandika. Kasema haya, sasa mashine yangu. Akaendelea kutamka, kuhusu miaka ishirini na sita, kuhusu heshima, na mimi nikawa nachora mistari tu, naitikia ehe, ehe. Kisha kataka nakala ya pili ya kuweka nyumbani. Ndiyo hii wanayodhani naiandika.

Barua iko katikati ya meza. Nimeitazama muda wote huu. Ningeweza kuichana. Hata sasa hivi ningeweza, nikasema nimekosea herufi, niandike upya alivyotamka. Mjomba asingejua maisha yake yote.

Kaishika. Kaipeleka mbali, kaileta puani. Hoi. Kanitabasamia, kasema una mwandiko mdogo kama sisimizi. Nisomee.

Nikasema, Mjomba, sauti imekauka.

Basi kaita jikoni: mama, hebu njoo utusomee barua yetu, usikie mumeo anavyojitetea. Anti anakuja. Anafuta mikono. Kaichukua, kakaa kwenye mkono wa kiti cha Mjomba, kamwegemea. Kasema tulieni, nisikosee. Anasoma polepole, kwa sauti ya shuleni, neno moja moja. Mjomba kafumba macho asikie vizuri, anatingisha kichwa. Kwa Bosi. Tarehe. Mimi niliyekereza pete...

Yuko mstari wa tatu. Wangu unaanzia wa tano.

Anti kasoma inalingana na mchoro, na Mjomba kaniminya mkono wenye kalamu. Simzuii Anti.